Bakaa ya Juni

3 Juni

Kwako Pini, mpwa wangu,

Kuna jambo nimekuficha kwa miaka ishirini na mbili. Nilikuficha ulipokuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, unalala kwenye godoro sebuleni kwangu na kuamka ukimwita mama yako. Nilikuficha siku ya mahafali yako. Mwaka juzi ulinishika mkono ukaniambia kwamba ukichaguliwa kuwa diwani utafanya kazi kama mjomba wako, kwa kalamu safi. Siku ile nilikohoa ili nisijibu. Ulidhani ni kifua.

Sasa ni kifua kweli. Muuguzi mstaafu aliyenipangisha chumba hiki husikiliza mgongo wangu kila asubuhi, kisha huniandikia hali yangu kwenye daftari, maana masikio yangu yamekufa kabisa. Jana aliandika: "Babu, lipa kodi ya miezi miwili tu." Ni mwanamke mwenye utani, lakini hana uongo. Ndiyo maana nakuandikia. Kunipigia simu mimi siku hizi ni kumpigia mbuzi gitaa.

Jambo lenyewe ni hili. Ile operesheni ya sokoni, iliyomuua mama yako na watu wengine wanane, haikutoka kichwani mwa Kifaru. Yeye alikuwa kamanda wa askari wa mji, alitumwa akaenda. Ilitoka mezani kwangu, kwenye kitabu cha bajeti.

Wewe unakaa Kamati ya Fedha, utanielewa upesi. Tulikuwa na kifungu kilichoitwa Usafi na Utulivu wa Mji. Ndani yake mlikuwa na posho za askari, mafuta ya malori, virungu na kukodi tingatinga. Mwaka ule mvua haikukatika, askari wakashinda wamejikunyata chini ya paa. Mei ilipokwisha, zaidi ya nusu ya kifungu ilikuwa haijaguswa. Unajua nini huipata bakaa ikifika tarehe thelathini Juni: inarudi wizarani, na mwaka unaofuata wizara inakukata kiasi kilekile. Fedha isiyotumika ni fedha isiyohitajika, ndivyo walivyotufundisha. Mimi nilikuwa mweka hazina kwa miaka kumi na moja na sikuwa nimewahi kurudisha hata senti. Nilijivunia jambo hilo kama mwingine anavyojivunia watoto.

Nikamwandikia Mkurugenzi nusu ukurasa: kifungu kina bakaa, itafutwe kazi ya kukimaliza. Akaniita.

"Kazi gani, Mweka Hazina?"

Nikasema, "Soko."

Wachuuzi hawakuwa wamefanya kosa jipya, Pini. Walikuwa palepale miaka yote, na vibanda vyao vilevile. Kipya kilikuwa bakaa.

Nakuambia leo kwa sababu nimesoma gazetini kwamba Kifaru amemaliza kifungo na anaishi kwa dada yake, mitaa miwili kutoka karakana ya kaka yako. Namjua kaka yako. Mzuie. Mtu huyo hakuianzisha siku ile.

Nijibu, hata kama ni kwa matusi. Wewe ndiye niliyekutegemea unizike.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba mpendwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama. Kisha nikakaa nikajiambia: mgonjwa hujitafutia dhambi kama mtoto anavyojitafutia kidonda. Kuandika kwamba fedha imebaki si kuua mtu. Kama ndivyo, basi Kamati yetu nzima ingekuwa jela, na wengine wangeingia humo wamesinzia.

Wewe ulinilipia ada. Wewe uliuza redio yako nipate viatu. Kifaru ndiye aliyesimama juu ya lori na filimbi mdomoni. Watu mia walimwona. Tafadhali usinitwishe mzigo wa kumhurumia.

Unazijua habari za mama, lakini ngoja nizirudie, labda zitakutoa hayo mawazo. Yule mama muuza sufuria, jirani yake wa meza, aliniambia tena majuzi. Filimbi ilipolia mama alikwisha toka. Alikuwa nje ya geti kabisa, akitweta, mkono kifuani. Halafu akajipiga paja. "Koti la watu!" Muuza sufuria akamshika kanga. "Wewe, unarudi wapi? Una wazimu?" Mama akasema, "Siwezi kuacha koti la watu, nitamwambia nini mwenyewe?" Akarudi ndani akiwasukuma waliokuwa wanatoka. Basi. Tulimkuta kaanguka juu ya cherehani, kisogo kimefunguka, na lile koti la kijivu bado liko chini ya sindano. Mkono mmoja umekwisha kupunguzwa, mwingine bado.

Kaka analitunza mpaka leo. Amelitundika karakanani juu ya mtungi wa gesi, kwenye mfuko wa nailoni. Watu wakimwuliza, anasema, "La mteja wa mwisho." Anasema siku mwenyewe akitokea atampa bure na kumwomba amweleze mama alizungumza nini asubuhi ile, alikuwa na furaha au la. Mwenye koti hana kosa, anasema, angejuaje?

Sasa nicheke kidogo nisije nikalia. Jana tulikuwa na Kamati. Mweka hazina wetu wa sasa ni kijana wa tai nyembamba. Akasimama: "Waheshimiwa, kifungu cha Utulivu kina bakaa, na leo ni tarehe saba." Yule diwani mnene tunayemwita Hoja akafumbua jicho moja.

"Basi tuwatoe wale wachuuzi wa stendi. Wamezidi."

"Wamezidi nini, Mheshimiwa?" nikamwuliza.

"Wamezidi tu."

Watu wakacheka, wakaandika. Barua yako ilikuwa kwenye pochi yangu, Mjomba. Nilisikia kama inapumua.

Mkutano wa kupitisha bajeti ni tarehe ishirini na sita, na operesheni wanaitaka tarehe ishirini na nane. Nataka kuizuia. Wewe unazijua njia za panya za vitabu hivi. Na nijibu swali moja tu: mahakamani Kifaru alisema alipewa hati ya kuendesha operesheni, na hati haikuonekana. Ilikuwapo?

Mpwa wako


12 Juni

Kwako Pini,

Ilikuwapo. Ninayo. Iko kwenye bahasha chini ya godoro ninalolalia, na naweza kukuambia iko upande gani bila kugeuka.

Ni karatasi moja. Juu imeandikwa tarehe 29 Juni, saa nne asubuhi, Soko Kuu, "kuondoa vibanda vyote na wanaovikalia." Maneno hayo ya mwisho niliyaongeza mimi. Mhasibu alikuwa ameandika "vibanda vyote" tu, na hesabu ikaja ndogo. Askari hamsini wangetosha kwa vibanda. Kwa watu walitakiwa mia moja na ishirini, na posho za mia moja na ishirini ndizo zilizokuwa zinakimaliza kifungu. Chini kuna saini ya Mkurugenzi na yangu, na nukta baada yake, ile nukta iliyowafanya mnitanie na kuniita Nukta.

Dirisha langu lilikuwa ghorofa ya pili, linatazama geti la soko. Nataka uandike mahali kwamba niliona, maana kwenye tume ya uchunguzi nilisema nilikuwa nimeinama nasoma.

Malori manne yaliziba barabara. Askari walishuka wakiwa wanagonga virungu kwenye mabati ya lori, wote kwa pamoja, kama wanatwanga. Wengi walikuwa vibarua waliochukuliwa wiki ileile ili idadi itimie, hawakujua hata kushika rungu. Mtu asiyejua kupiga hupiga kichwa. Niliona mzee wa kushona viatu akipigwa akiwa amekaa, bado ana kiatu cha mtu mkononi. Alipigwa mpaka akalala, kisha akapigwa kwa kuwa amelala. Niliona mwanamke mjamzito akikingwa na mumewe, na mume akivunjwa mikono yote miwili, kwanza mmoja, halafu, alipouinua wa pili, na wa pili. Tingatinga liliingia upande wa nyuma. Vibanda vilianguka vikiwa na watu chini yake, na jiko la mtu likashika moto kwenye turubai.

Watu wote wakakimbilia getini. Geti ni moja, unalijua. Geti la pili lilikuwa kwenye rasimu ya bajeti miaka mitatu mfululizo, na miaka mitatu mfululizo nililikata mimi, kwa sababu akina Hoja wa enzi hizo walitaka zulia la ukumbi. Sita kati ya wale tisa hawakupigwa na mtu. Walikanyagwa pale. Nilisikia mbavu, Pini. Mtu hatarajii kusikia mbavu kutoka ghorofa ya pili.

Kifaru alikuwa juu ya lori anapiga filimbi. Mahakama iliambiwa alikuwa anawachochea. Mimi nilimwona akipiga filimbi na kupunga mikono juu, uso umempauka. Alikuwa anawaita warudi. Hawakumsikia.

Jioni ile, kabla tume haijatangazwa, nilikwenda masjala nikaichomoa hati kwenye jalada. Mkurugenzi alinishukuru kwa macho. Nilikuwa shahidi wa nne wa serikali. Wakili wa Kifaru aliniuliza, "Mzee, kulikuwa na hati?" Nikasema, "Katika ofisi yangu hakuna kinachofanyika bila hati, na hati ya operesheni hii haipo." Hakimu alitikisa kichwa kwa heshima. Kifaru akapata miaka ishirini. Aliponipita anapelekwa chini hakunitukana. Alinitazama tu miguuni.

Nitakutumia hati. Nataka nipate mtu wa kuaminika, posta siiamini. Lakini leo, ukishasoma hii, ondoka uende kwa kaka yako. Mwambie mtu aliyemdhania siye. Mwambie kwa maneno yoyote.

Kuhusu koti, mwambie asilitupe.

Mjomba wako


17 Juni

Mjomba,

Sikuamkii leo. Barua yako imefika Jumanne. Kaka alikwenda kwa Kifaru Jumamosi.

Nakueleza kama nilivyoelezwa na dada yake Kifaru, ambaye nguo zake bado zilikuwa na damu na ambaye hakunipigia kelele hata kidogo, jambo lililoniumiza kuliko kelele.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Kifaru alikuwa uani anafua shati lake kwenye beseni. Kaka aliingia na nondo, ile nene ya madirisha, aliyoikata mwenyewe na kuifunga mpira upande mmoja ili isimteleze mkononi. Hilo la mpira silisahau. Mtu aliyekasirika haviringishi mpira.

"Simama," kaka akamwambia.

"Nikisimama nitakuwa nataka kupigana," Kifaru akasema. "Nipige hivihivi."

Pigo la kwanza lilimvunja mkono wa kulia juu ya beseni, mfupa ukatoka. La pili goti. La tatu na la nne mgongoni. Dada yake akamrukia kaka kwa mwiko wa kusongea, kaka akamsukuma akaangukia ukuta. Kifaru alikuwa chini, maji ya sabuni mekundu yanamzunguka, akasema, "Mama yenu alikwenda kwa mjomba wenu asubuhi ile. Nilikuwapo. Muulizeni alikwenda kumuuliza nini."

Kaka akadhani anatafuta wa kumsingizia. Ndipo alipompiga usoni. Jicho la kushoto halipo tena, Mjomba. Madaktari wanasema goti nalo halitakunja. Kaka alikaa palepale uani, nondo magotini, mpaka polisi walipokuja. Walipomwuliza jina akasema, "Mimi mtoto wa fundi cherehani."

Nilipokwenda kumwona mahabusu nikamsomea barua yako kupitia nondo za dirisha. Nilimsomea yote. Alisikiliza akiwa ameshika ukuta. Nilipofika kwenye filimbi, pale unaposema alikuwa anawaita warudi, kaka alianza kujipiga kichwa ukutani. Askari wawili walimshika. Alinipigia kelele, "Ungekuja nayo Ijumaa! Ijumaa tu!"

Miaka ishirini na mbili ulikuwa nayo chini ya godoro. Ikachelewa siku nne, Mjomba.

Mambo mawili. Hati niwe nayo kabla ya tarehe ishirini na sita. Mkabidhi kondakta wa basi la asubuhi, nitamsubiri stendi, kati ya walewale wachuuzi ambao Kamati inataka kuwapiga. La pili: mama alikuja kukuuliza nini? Ulituambia kwamba siku ile hukumwona. Ulisema hivyo mazikoni. Nilikuwa nimeshika mkono wako uliposema.

Diwani


19 Juni, Wodi ya Wanaume, kitanda cha dirishani

Nukta,

Bado upo? Mpwa wako kanipa anwani. Naandika kwa mkono wa kushoto, ule mwingine una vyuma, kwa hiyo vumilia. Wewe si mtu wa maandishi mabaya.

Kijana kanipiga nondo tano. Hakubahatisha, mwenzetu, baba yake angekuwa hai angemfundisha kazi nyingine. Polisi wakaja kuniuliza. Nimewaambia nilianguka kwenye ngazi. Wakaandika. Nyumba ya dada yangu haina ngazi hata moja. Wamwachie, nimekwisha ona nini gereza hufanya kwa mtu mwenye hasira, linamwekea akiba.

Mimi yangu nayajua. Wale vibarua niliwapanga mimi. Niliwaambia pigeni miguu, nikajua hawatapiga miguu. Hilo nimelitumikia siku kwa siku, na siku za Februari zile fupi nazo nilizitumikia. Wewe lako umelitumikia wapi?

Binti alikuja hapa na maziwa. Akakaa kwenye kigoda. Hakuniomba msamaha wala sikumwomba. Akasema, "Baba, niambie mama alimwuliza nini." Kaniita baba, Nukta, nikiwa na jicho moja. Nilitaka kumwambia. Nikamwambia mwenye kusema yupo, hajafa.

Unajua kwa nini sikusema kizimbani? Wakili alitaka. Lakini asubuhi ile mimi nilikuwa kwenye lile benchi la ofisini kwako, nimeshika karatasi ya mafuta ya malori. Mama yule alinipita mlangoni anacheka. Ningemshika kiwiko tu. Ningesema, "Dada, nenda nyumbani." Sikusema. Nilikuwa nakuogopa wewe na kalamu yako. Kwa hiyo tulinyamaza wawili, na ningekutaja wewe ningejitaja mimi.

Sasa jicho limekwenda, mkono umekwenda. Nimechoka kunyamaza kwa niaba yako.

Sema mwenyewe.

Kifaru


22 Juni

Kwako Pini,

Hati imo humu, ndani ya karatasi hii, imekunjwa mara mbili. Naandika nikiwa kwenye benchi la stendi, basi halijaondoka. Kondakta ni mtu mzima mwenye kofia, nimemlipa nauli ya abiria mzima ili bahasha ikae kwenye kiti. Muuguzi amenishika mkono mpaka stendi. Tulipumzika mara sita. Ameniandikia kwamba mimi ni mpumbavu, kwamba barua angeipeleka yeye tu. Hapana, hii ilikuwa lazima niipeleke mwenyewe.

Kwanza kazi, maana mkutano u karibu. Usingoje wakati wa maswali, hapo Mwenyekiti atakwambia muda umekwisha. Kifungu cha Utulivu kikitajwa tu, simama. Isome hati yote kwa sauti, pamoja na saini, pamoja na nukta. Kisha sema: naomba iingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Ikishaingia, hakuna mkurugenzi atakayesaini nyingine inayofanana nayo, si kwa huruma, kwa woga. Woga unatosha. Halafu papo hapo toa hoja kwamba bakaa ihamishiwe kwenye Matengenezo ya Masoko: geti la pili. Kuhamisha kunaruhusiwa mpaka tarehe thelathini kama hoja imeungwa mkono na madiwani wanne. Watafute wanne kabla, mmojawapo awe yule Hoja. Mtu wa kusinzia huunga mkono anayemwamsha kwa heshima. Niliijua njia hii mwaka ule. Ilikuwa wazi, na geti lilikuwa kwenye rasimu. Sikuitumia kwa sababu geti lingehitaji zabuni, na zabuni ni wiki sita, na mimi nilikuwa na siku ishirini na tano. Virungu havihitaji zabuni. Safari hii, kama fedha itarudi wizarani, irudi.

Toa nakala ya hati umpe wakili wa Kifaru. Jina lake lisafishwe angali na jicho la kuliona.

Sasa swali lako.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Kifaru alikuwa kwenye benchi, ananisubiri nisaini mafuta ya malori. Mama yako aliingia bila kubisha kama kawaida yake, pini mbili mdomoni. Akazitoa, akazichomeka kwenye kola.

"Kaka, sokoni kuna maneno," akasema. "Wanasema leo mnakuja kutupiga."

"Nani anasema?"

"Watu. Wewe niambie tu, nibebe cherehani yangu nirudi nyumbani. Sitamwambia mtu."

Pini, nilimjua mama yako tangu anatambaa. Angemwambia muuza sufuria. Muuza sufuria angemwambia muuza vikombe, na saa tatu soko lingekuwa jeupe. Malori yangefika yakute meza tupu. Mia moja na ishirini wangerudi kambini bila kazi, na kwa kanuni zangu mwenyewe kazi isiyofanyika haina posho. Bakaa ingerudi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu, na miaka kumi na moja bila kurudisha senti ingekuwa kumi na moja tu badala ya kumi na mbili. Nataka uamini kwamba kulikuwa na sababu kubwa kuliko hiyo. Nimeitafuta kwa miaka yote hii. Haipo.

Nilidhani pia atapata michubuko tu. Nilidhani nitamnunulia cherehani mpya. Niliwaza hivyo kwa muda wa kuchovya kalamu.

Nikacheka. "Maneno ya sokoni hayo. Nenda kafungue meza yako."

Hakuondoka. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama tulipokuwa watoto nikimwambia sukari imeliwa na paka. Kifaru aliinamisha kichwa. Nikaona kwamba haniamini, na kwamba akitoka hivyo atakwenda kuwaambia. Nilihitaji kitu cha kumwaminisha. Nikatazama huku na huku. Nyuma ya mlango palikuwa na nguo niliyonunua siku iliyotangulia, ya kuvaa siku ya kusoma bajeti, bado ina karatasi ya duka. Mikono ilikuwa mirefu. Nikaitungua nikampa.

"Ningekuwa najua kuna fujo, ningekukabidhi nguo yangu mpya?" nikamwambia. "Nipunguzie mikono. Saa sita nakuja kuichukua mwenyewe, na usiniachie kwa jirani."

Hapo akaniamini. Uso ulifunguka kabisa. Akanivuta mkono, akaupima kwa shubiri, akasema mikono yangu mifupi kama ya marehemu baba, ndiyo maana hatukuwahi kufika kwenye rafu ya biskuti. Akacheka. Akaitupia begani, akampita Kifaru akamwambia, "Habari za asubuhi, kamanda," akashuka ngazi. Nilisaini mafuta.

Ulimwuliza muuza sufuria kwa nini mama yako alirudi. Alirudi kwa sababu nilimwambia nitakuja mwenyewe saa sita, naye hakuwahi kumkosea mteja, seuze ndugu.

Kama hutakuja kunizika sitalalamika, sitakuwa na mdomo. Muuguzi amekwisha kuniandikia kwamba watu wa mji huu wapo, watanizika. Lakini kaka yako akitoka mahabusu, mwambie asimtafute tena mwenye koti. Mwambie mama yake alikuwa na furaha. Na mwambie koti ni langu.

Kaka yake